Mashine Haina Msingi

Kwa hiyo siku hizi hata kupiga kona kwenye televisheni kunataka leseni. Jumamosi saa nane mchana, kwenye banda la gemu la Mafiati hapa Mbeya, wingu limeshakaa juu ya mlima Loleza kama mdai, foleni ya watu kumi na mmoja kila mmoja na mia tano yake, halafu skrini inaleta kufuli. Kikufuli kidogo tu pembeni ya picha ya gemu, kimetulia kama mpangaji aliyelipa miezi sita. Bajaji ngapi zinapita Kabwe bila leseni na hakuna anayesema kitu?

Tusidanganyane, ugonjwa huu haukuanza jana. Enzi za PS2, yaani PlayStation ya pili, mtu alinunua CD, akaitia, mchezo ukaanza. CD ikichubuka unaipaka dawa ya meno, unafuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha, na bahati ikiwepo inasoma. Memori kadi ya MB 8 ilibeba ligi pamoja na ubishi wote wa mtaa. PS3 ilipokuja 2006, kucheza na mtu aliye mbali kulikuwa bure. PS4 ya 2013 ndiyo ikasema hapana, lazima uwe na PS Plus, usajili wa kulipia. Hapo ndipo tulipoacha kununua tukaanza kupanga. Na mwenye nyumba akishaona umeingiza kitanda na kabati, anapandisha kodi: Septemba 2023 mwaka mmoja wa daraja la chini la PS Plus ulitoka dola 60 hadi 80, na Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, usajili wa wenzao wa Xbox, ikatoka dola 20 kwa mwezi hadi 30. Mpangaji wa Ilomba akipandishiwa hivyo anakwenda kwa mjumbe. Huku mjumbe ni nani?

Turudi bandani. Mwenye banda ni mzee mstaafu, koti zito, kofia ya sufu mpaka masikioni, mtu wa heshima zake. Mashine ni PS4, na gemu kazipata kama mabanda mengi yanavyozipata: alinunua akaunti. Kuna watu wanauza jina na nywila zenye gemu tano ndani kwa bei ya gemu moja. Utamu wake ni kwamba ukiingia nayo na kuiandikisha mashine yako kuwa mashine ya msingi ya akaunti hiyo, kila atakayeshika pedi ya kuchezea hapo anacheza, hata intaneti ikilala. Uchungu wake ni kwamba akaunti moja ina PS4 ya msingi moja tu. Muuzaji akiingia kwenye tovuti akazima mashine zote kwa mkupuo, jambo analoruhusiwa mara moja kila miezi 6, kisha akamuuzia mtu mwingine, tuseme wa Makambako, basi ya kwako imeshuka cheo. Jina liko palepale, picha ziko palepale, ila kufuli.

Akaitwa dogo fundi, yule anayebadilisha vioo vya simu ng'ambo ya barabara.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hebu itazame hii, imepatwa na nini.”

Dogo akaingia Mipangilio, akaenda Usimamizi wa Akaunti, akabonyeza Rejesha Leseni. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Ikakataa.

“Mzee, hii mashine siyo ya msingi.”

“Haina msingi?” Mzee akavua kofia. “Dogo, banda hili nimeshusha mawe futi mbili, nikamwaga zege mifuko minne, wenzangu wote hapa wamesimika milingoti wakagongelea mabati. Leo unaniambia sina msingi?”

“Siyo banda, mzee. Mashine.”

“Mashine iko juu ya meza. Meza iko juu ya nini?”

Foleni nzima ikaona mzee ana hoja.

Dogo akaeleza kwa upole kwamba dawa ni mbili: kumpata muuzaji, ambaye simu yake haipatikani tangu Idi, au mzee afungue akaunti yake mwenyewe kwa jina lake. Kubadilisha nywila ya ile ya zamani hakuwezekani, maana namba za uthibitisho zinakwenda kwenye barua pepe ya muuzaji. Mzee akasema fungua, sisi si watu wa kubahatisha.

Skrini ikauliza nchi. Dogo akashuka na orodha, akapanda, akashuka tena taratibu kama anatafuta jina la mtoto kwenye matokeo ya darasa la saba.

“Mzee, Tanzania haipo.”

“Haipo vipi? Mimi nimekaa wapi sasa hivi?”

“Haipo kwenye orodha yao. Ya karibu ni Afrika Kusini.”

Hapo ndipo gemu ilipoisha na historia ikaanza. Mzee akasimama. Akauliza kama hao wenye orodha wanaijua Mazimbu. Kama wanaijua Kongwa. Akasema wapigania uhuru wa Afrika Kusini tuliwapokea huko hawana hata kandambili, tukawapa ardhi, tukawapa shule, sisi wenyewe tunakula unga wa yanga, ule wa njano, na leo wao wamo kwenye orodha ya kuchezea mpira sisi hatumo! Mtu wa nne kwenye foleni akasema “kweli kabisa baba” bila kujua Mazimbu iko wapi.

Na si kwamba mzee analalamikia kitu kidogo. Mei 2024 gemu ya kompyuta iitwayo Helldivers 2 iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 kwa sababu ilitaka wachezaji wawe na akaunti ya PlayStation, na huko kote akaunti hiyo haikutambui. Mia moja sabini na saba! Hilo sasa siyo kundi la waliosahaulika, huo ni ulimwengu.

“Tuandike Afrika Kusini tu, mzee,” dogo akasema. “Wanataka na mtaa.”

“Nisaini uongo kwa umri huu?”

“Mzee unakaa wapi?”

“Soweto.”

Banda likanyamaza. Dogo akamtazama mzee, mzee akamtazama dogo.

“Andika hivyohivyo,” dogo akasema. “Na hujadanganya.”

Ikaja tarehe ya kuzaliwa, na hapa pedi ikaleta yake. Kijiti cha kushoto cha pedi ile kinatembea chenyewe. Ukikiachia, mchezaji anaelekea kwenye kibendera cha kona kama kaitwa na mama yake. Dogo anapandisha mwaka ufike 1958, kijiti kinaushusha. Anapandisha, kinashusha. Mwishowe ukatulia 2016, na kidole cha dogo kikawa kimeshabonyeza kukubali. Mashine ikasoma hesabu yake, ikatoa hukumu: mwombaji ni mtoto, akaunti yake ifunguliwe na mzazi.

Mzee akaomba asomewe tena.

“Inasema mlete mzazi.”

“Mama yangu amelala Tukuyu tangu mwaka 1983,” mzee akasema, kwa sauti ya chini kabisa. “Mwambie nimfuate?”

Niseme kidogo kuhusu hicho kijiti, maana kinaharibu nyumba za watu. Ndani yake kuna vipimo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto, kila kimoja na utepe wa kaboni ambao kidole cha chuma kinausugua. Vijana wakifunga goli wanakamua kijiti kama wanakamua ng'ombe, utepe unalika, kaboni inageuka unga, na pedi inadhani unasukuma wakati umekunja mikono. Kama ni vumbi tu, spiriti ya asilimia 90 au zaidi, matone mawili, zungusha kijiti mara hamsini, acha ikauke kabisa ndipo uwashe. Ikirudia ndani ya wiki mbili, utepe umekwisha. Hapo unayeyusha risasi kwenye pini 14, unatoa kijiti kizima unapachika kingine. Ukipata vya sumaku, ambavyo havisuguani, chukua hivyo, ila vinataka kupimwa upya na fundi anayejua. Kumwagia mafuta ya cherehani hakuponyi kitu, ingawa kila banda lina mtu anayeapa kuwa kunaponya.

Mara ya pili dogo alishika kijiti kwa vidole viwili kama anashika nyoka, 1958 ikaingia, mzee akawa mtu mzima. Akatoa kwa fahari kikaratasi kutoka mfuko wa ndani: kadi ya zawadi, herufi na namba 12, mpwa wake kamtumia kutoka Dar. Dogo akaingiza. Ikakataa. Akarudia, labda sifuri ni herufi O. Ikakataa.

“Hii ni ya dola, mzee. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Hapa inatakiwa ya randi.”

“Basi badilisha nchi, weka Marekani.”

“Nchi ikishaandikwa haibadilishwi. Mpaka ufungue akaunti nyingine.”

“Na kadi yangu ya benki?”

“Mara nyingi wanaikataa, nchi ya kadi na nchi ya akaunti hazifanani.”

Mzee akafikiri. “Kwa hiyo leo, hapa Mbeya, mwenye dola hana thamani mbele ya mwenye randi.”

“Mbele ya hii mashine, ndivyo.”

Akacheka. Kicheko cha mtu aliyeona gari la mwisho la Uyole likiondoka.

Mimi sikucheka. Kwa sababu piga hesabu, tuseme randi zimepatikana. Gemu ya GB 50 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 11 na ushee, bila kukatika. Unagawa mtandao wa simu, mvua imeanza, kasi imeshuka hadi megabiti 2: siku mbili na saa saba na nusu. Na PS4 ikipokea sasisho haibandiki tu kiraka, inanakili faili la gemu upya, kwa hiyo diski isipokuwa na nafasi ya kutosha inagoma ukiwa umeshamaliza bando. Ligi ya mzee ya miaka mitatu? Ilihifadhiwa kwenye akaunti ile ya zamani. Yaani mtu anunue mashine, anunue luninga, anunue umeme, anunue bando, anunue randi, halafu kitu kisiwe chake! The Crew, gemu ya magari ya 2014, seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Mwenye CD yake halali, kaihifadhi kwenye kasha lake, sasa ana kitu cha kuning'iniza shambani kutishia ndege. Na CD zenyewe zinaaga. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 700, na haikuja hata na tundu la CD. Switch 2, mashine ya Nintendo ya Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu, gemu kapakue.

Hamieni kwenye simu, wanasema. Bure, wanasema. Ni kweli Free Fire na eFootball hazidai kiingilio, na hata kwenye PS4 gemu za bure za namna hiyo hazihitaji PS Plus, mwenye banda yeyote alijue hilo. Lakini bure yake ni ya msibani, unakula huku unaangaliwa. Gemu nyingine zinakuonyesha tangazo upate sarafu chache, na mchezaji mzuri anauzwa sarafu nyingi. Unacheza huku unachaji, simu inachemka, prosesa inajipunguzia mwendo isiungue, na adui anakupiga ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta. Dar wanalia joto, sisi huku Juni tunalia vidole: skrini inasoma umeme wa ngozi, na glovu ya sufu haina ngozi. Vijana wa Kihesa na Miyomboni kule Iringa wamekimbilia PPSSPP, programu ya kucheza gemu za PSP, ile PlayStation ya mkononi, ndani ya simu ya Android, wanamvalisha kila mtu jezi za Simba na Yanga. Hiyo nzuri, haina kodi. Ila fungua mzigo kwa ZArchiver, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, faili la ISO, yaani gemu yenyewe, weka unapotaka, lakini folda ya SAVEDATA ni lazima ikae ndani ya folda ya PSP. Ukiisahau, unafungua kikosi cha Yanga na kipa wake ni Mreno.

Saa kumi na moja mzee akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akatoka na PS2 imefungwa kwenye mfuko wa sulfeti. Foleni ikapiga makofi. Memori kadi ya kuwashia OPL, programu ya kuchezesha gemu za PS2 bila CD, ipo, flashi ipo, imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, gemu imekatwa vipande maana faili moja halivuki GB 4. Haikusoma mara ya kwanza. Dogo akafuta flashi yote akanakili upya gemu moja baada ya nyingine, kwa kuwa vipande vikitawanyika OPL haifungui. Ikawaka. Video ya mwanzo ikakwama-kwama kama bajaji kwenye tope, kwa sababu tundu la USB la PS2 ni la kizamani, megabiti 12 basi. Iruke, bonyeza, mechi ikifika inakwenda vizuri.

Ikafika mechi. Pedi ya kwanza sawa. Pedi ya pili waya umeliwa na panya, umebaki uzi mmoja wa kijani. Sasa panya wa Mafiati siku hizi sijui wamepatwa na nini, mahindi yapo, viazi vipo, wao wanataka waya. Sumu hawali, wanainusa wanaipita. Mtego wanauvuta mpaka mlangoni kama wanakurudishia mali yako. Jirani wa mzee ana paka hodari, mweusi, anajulikana mpaka Sokomatola, lakini haazimwi. Anakodishwa. Elfu mbili kwa usiku, dagaa wa Kyela juu yako, na asubuhi anarudi kwao hata kama panya bado yupo.