Ongeza dakika utakavyo, kivuli hakirudi

Nimeukuta tena ule ushauri unaoniudhi kuliko yote katika upigaji picha wa filamu: mwanga ukiwa hafifu, seti kamera kwenye spidi ya 3200 (ISO, wepesi wa filamu kunasa mwanga), piga, halafu mwambie anayekusafishia filamu aongeze dakika za kwenye dawa. Eti filamu ya 400 inakuwa imegeuka ya 3200. Haigeuki. Na wanaoumia ni wanaoanza, wanaopoteza roli nzima ya harusi ya dada yao kwa kumwamini mtu anayejua nusu ya kazi.

Dawa inafanya kazi pale tu ambapo mwanga ulishaigusa fedha iliyomo kwenye filamu. Ukiongeza dakika, sehemu zilizopata mwanga zinazidi kukolea. Ambazo hazikupata kitu zinabaki vilevile, au zinaambulia ukungu. Ishike nega ya namna hiyo (filamu iliyosafishwa, ambayo mwanga huonekana mweusi) dirishani uitazame. Balbu iliyokuwa nyuma ya mtu imekuwa doa jeusi tii, mwanga haupenyi. Shavu lina umbo. Lakini macho, nywele na koti ni plastiki tupu, unaona hadi mti ulioko nje. Hakuna skana wala karatasi ya kuchapia itakayokurudishia macho ya mtu huyo.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa ni wa wakati wa kupima mwanga, kabla hujagusa shata. Mwimbaji akiwa jukwaani na giza tupu nyuma yake, kipima mwanga cha kamera kinalihesabu giza lote lile na kudai mwanga mwingi kupita kiasi, wakati uso wake umeshapigwa na taa. Akikaa mtu mbele ya taa, mambo yanageuka: kamera inaifuata taa, uso unazama. Sogea karibu, pima shavu la upande wa giza peke yake, kisha ipe filamu mwanga pungufu ya kipimo kwa stopu moja, yaani nusu yake. Ngozi nyeusi hukaa vizuri sana hapo, ina giza lake na bado unaiona. Koti liache liende gizani.

Ukishapima hivyo, HP5 Plus, filamu ya 400 ya Ilford, ikipigwa kwenye 1600 inatosha kwa sehemu kubwa ya usiku. Ni stopu mbili tu. Kwenye Microphen, dawa ya kusafishia ya Ilford, isiyoongezwa maji, kwa nyuzi 20, dakika 6 na nusu za kawaida zinakuwa 11. Kwa 3200 ni 16, na hapo ndipo ninapoanza kuona vivuli vikifa na nyuso zikikauka kama zimechongwa. Tri-X, ile ya 400 ya Kodak, nayo inasukumika vizuri, yaani inavumilia kupandishwa spidi na kuongezwa dakika, sina ugomvi nayo. Kumbuka tu kwamba roli nzima inaingia kwenye dawa kwa muda mmoja, kwa hiyo usibadilishe spidi katikati.

Najua nitaambiwa: si kuna filamu za 3200 zenyewe? Zipo, na nazipenda, ila namba ya kwenye boksi isikudanganye. Delta 3200 ya Ilford kwa kipimo cha kawaida iko karibu na 1000, na ile P kwenye jina la T-Max P3200 ya Kodak inahusu kusukuma huku huku. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba zimetengenezwa kwa kontrasti ndogo (tofauti ndogo kati ya mwanga na giza) na zinavumilia dakika za ziada kuliko filamu ya 400. Pale ambapo huwezi kushusha shata chini ya 1/30 ya sekunde na lenzi umeshaifungua yote, chukua hizo. Uwanja wa ndege omba zikaguliwe kwa mkono, mashine za eksirei zinaziharibu upesi, na zikishafunguliwa zipigwe na kusafishwa bila kuchelewa.

Chembe kubwa zinazoonekana kwenye picha za namna hii hazinisumbui hata kidogo. Picha yenye chembe bado ina mtu ndani yake. Basi mwenzako akikuomba umwongezee dakika, muulize kwanza alipima wapi, na akikujibu kwamba aliiachia kamera, mweleze mapema vivuli vyake vitatokaje, kabla hujamimina dawa.