Ufahamu: tufundishe mbinu au tuwajaze maarifa kwanza?

Mwanafunzi anasoma kifungu kizima kwa sauti, hakwami popote, ukimuuliza humo kumesemwa nini anakutazama tu. Kila aliyewahi kufundisha kusoma anamjua huyu mtoto. Kwenye dawa yake ndo walimu tunagawanyika.

Kuna wanaosema mfundishe mbinu, na hawaongei hewani. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti wa wanafunzi wa aina hiyohiyo, maneno wanayasoma ila hawaelewi, wakawafundisha mambo manne: kufupisha, kujiuliza maswali, kufafanua palipo pagumu na kubashiri kinachofuata, mwalimu anaanza yeye halafu wanapokezana nafasi yake, na ufahamu ukapanda kweli.

Wengine wanasema hapana, tatizo ni kwamba hajui kinachoongelewa. Soma hii: "Refa akatoa kadi nyekundu, nahodha akavua kitambaa akamkabidhi mwenzake." Hakuna palipoandikwa kwamba nahodha katolewa nje, wewe umeelewa kwa sababu mpira unaujua, asiyeujua anaweza kuifupisha sentensi hiyo mara 10 na bado asipate kitu. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mechi ya besiboli, na wale wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakawapita wasomaji wazuri wasioujua. Mimi hiyo ilinitikisa, nikajiuliza ni watoto wangapi tumewaita wazito kumbe mada tu ndo ngeni kwao.

Kwa hiyo naegemea upande wa maarifa na msamiati, ila nao una shida zake. Unaenda polepole sana, mwenye mtihani mwezi ujao hutamjaza dunia nzima kwa wiki 4. Halafu anayeijua mada ana mtego wake, anajibu anachokijua badala ya kilichoandikwa, na hapo mbinu ya kurudi kwenye kifungu na kuonyesha mstari inamwokoa. Mbinu zenyewe hazihitaji mwaka mzima, zikishaeleweka zimeeleweka, muda unaobaki bora asome vitu vyenye mambo ndani yake.

Jambo moja linaniuma zaidi ya ubishi wote huu: tunagawa kifungu na maswali 10 tunasahihisha tunasema tumefundisha ufahamu, wakati hapo tumepima tu. Mtafiti Dolores Durkin alikaa kwenye madarasa ya Marekani miaka ya 1970 akakuta hivyohivyo, maswali mengi, kufundisha kuelewa karibu hakuna.

Na kabla hujachagua upande wowote msomee mwanafunzi wako kifungu kwa sauti yako, yeye asikilize tu, halafu muulize. Watafiti Philip Gough na William Tunmer walishaeleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni kuweza kuyasoma maneno kuzidisha kwa kuielewa lugha yenyewe, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Akielewa kwa kusikia, basi usomaji wake wa maneno bado unamla nguvu, mrudishe huko, asipoelewa hata kwa kusikia mpe vifungu vitatu vinne vya mada ileile wiki nzima, maneno yaleyale yajirudie, muongee kwanza ndo asome. Kifungu cha nne mara nyingi hutahitaji hata kumuuliza, ataanza kukusimulia mwenyewe.