Mama Mkwe na Treni ya Mchongoko

Nchi nzima inashangilia reli ya umeme na treni yake yenye pua kali tunayoiita mchongoko, na mimi nashangilia nayo, nisije nikaitwa mpinga maendeleo. Dar mpaka Dodoma saa tatu na ushee, mwendo unagonga kilomita 160 kwa saa, kiyoyozi kinapuliza, mtu anafika hata shati halijajikunja. Nani mwenye akili zake atakataa? Ila kuna hesabu moja wahandisi hawakuipiga. Mama mkwe wangu anakaa Dodoma. Mama yangu mzazi anakaa Kigoma.

Sasa chukua ramani uangalie. Reli mpya imetoka Dar, ikapita Morogoro, Julai 2024 ikaanza kushusha abiria Dodoma. Kuanzia hapo kwenda Kigoma bado tunatambaa juu ya chuma cha Mjerumani, upana mita moja kamili, wakati ile ya kisasa ina milimita 1,435. Mkwe kaletewa umeme, mzazi wangu kaachiwa dizeli. Mizani ya nyumba yangu imelalia upande mmoja, na sijui nikalalamike wapi, maana ukienda kushtaki kwamba treni inawahi kufika watakupima malaria.

Zamani umbali ulikuwa unatustiri. Mkwe akitaka kuja kwa treni, alikesha njiani. Akija kwa basi, siku nzima imekwenda na magoti yamevimba. Kwa hiyo hakuja bila sababu: mtoto kazaliwa, mtu kafa, mtu anaolewa. Na taarifa ilitangulia wiki mbili. Wiki mbili ni muda wa kutosha kupaka chokaa ukuta wa sebuleni, kuazima kapeti kwa jirani na kuhamisha kreti la chupa tupu kwenda kwa fundi baiskeli.

Siku hizi anakunywa chai Dodoma, mchana anakula kwangu.

Jumamosi moja nimejilaza kwenye kochi, nimevaa bukta na singilendi yenye tundu ubavuni, miguu iko juu ya meza, nangoja mpira uanze. Nasikia, "Hodi humu!" Sauti naijua, lakini akili ikakataa, maana usiku wa kuamkia siku hiyo tuliongea naye kwa simu akiwa kwake anachambua karanga. Nikaruka kuingia chumbani, mguu ukanasa kwenye waya wa feni, nikafikia magotini katikati ya sebule. Mlango ukafunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Neema. Inuka baba, salamu yako imetosha. Nilikuwa napita tu."

Anapita kwenda wapi? Reli yenyewe inaishia Dar. Mbele ni bahari!

Tangu siku hiyo nashinda ndani kwangu na suruali ndefu na mkanda. Joto la Dar la Februari mnalijua. Bukta zangu nimeziweka kwenye begi juu ya kabati, siku ya kuzivaa nitaarifiwa.

Mnaweza kusema si afadhali, maana anaweza kurudi jioni ileile. Hapo ndipo hamumjui. Mgeni wa mwezi mzima humzoea. Wiki ya kwanza anakagua, ya pili anachoka, ya tatu anakusaidia kumsema jirani. Lakini mwenye treni ya kurudi jioni hana muda wa kupoteza. Anafungua friji, anafunga. Anainua mfuniko wa sufuria. Anamshika mjukuu mkono hapa juu, anauliza kwa upole, "Huyu mtoto mbona kapungua, au ndiyo anarefuka?" Kabla ya saa tisa ripoti iko tayari, saa kumi iko stesheni, na usiku inasomwa kwa wajomba Dodoma. Tiketi nani anakata? Mimi. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, nami ndiye mwenye simu ya kulipia. Yaani najinunulia ukaguzi kwa pesa yangu, na namba ya kumbukumbu natumiwa.

Na visingizio navyo vimekufa. Ukweni wakiniita kikao, nilikuwa na jibu linaloitwa Kilosa. Wazee wa reli wanaelewa. Ile reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe inafuatana na mto Mkondoa, na mto ule ukijaa huchukua tuta, mataruma, mpaka daraja. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliisomba vibaya mpaka safari zikakatika. Kwa hiyo masika yakianza nilikuwa napiga simu kwa huzuni: "Wazee wangu, moyo uko huko, ila njia imesombwa." Mara nyingine ilikuwa kweli. Leo mchongoko unaingia kwenye mahandaki ya Kilosa, unatokea upande wa pili, mto uko chini unajaa peke yake. Ukisema njia mbaya, shemeji anakutumia picha akiwa dirishani.

Tuje kwa mama yangu sasa. Yeye anapanda Kigoma jioni, asubuhi yuko Tabora, usiku Dodoma, na asubuhi ya pili ndiyo anashuka Dar, hapo njia ikiwa na amani. Mjerumani alianza Dar mwaka 1905, 1907 yuko Morogoro, 1912 Tabora, 1914 kaingia Kigoma. Kilomita zaidi ya 1,250 kwa miaka tisa, jasho la babu zetu na majembe. Reli ikamalizika, mwaka uleule vita ikaanza, mwenye reli akafukuzwa hata hajaifaidi. Mwingereza akairithi, akachepusha tawi la Mwanza, 1928 likafika ziwani. Kigoma tukabaki mwisho wa reli, na mpaka leo ndilo jina letu.

Nikamshauri: "Mama, panda treni yako mpaka Dodoma, hapo hamia kwenye ya umeme, saa chache tu uko kwangu." Akauliza mizigo itakuwaje. Mizigo yenyewe ni dumu mbili za mawese, gunia la dagaa, migebuka ya kukaushwa iliyofungwa kwenye magazeti, na jogoo. Nikamwambia mama, ile treni ya watu na suti zao, jogoo atawika saa ngapi pale? Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, Liemba ilifikaje huku?"

Hapo alinikamata. Maana ni kweli, ile meli ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaingizwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar, kisha ikapakiwa kwenye treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen.

"Meli nzima ilipanda treni," mama akasema, "jogoo wangu ndiye mnene?"

Kwa hiyo hahami. Atakuja na treni yake mpaka Dar, na behewa zima la daraja la tatu litajua kabla ya Urambo kwamba kuna mtu kabeba migebuka. Mkataba wa kujenga reli mpya kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Nilimpa habari hiyo kwa furaha. Akaniuliza kama nauli yake ya safari hii nimeshaituma, au nangoja kilomita.

Nimetuma. Na kwa kuwa hawezi kusafiri kutwa mbili aje akae siku mbili, amesema atakaa mpaka mahindi yavunwe. Mke wangu akalipokea vizuri, akacheka, akampigia mama yake kumsimulia.

Mkwe naye kafurahi. Amesema ni aibu wakwe kukaa miaka yote bila kuzungumza kwa nafasi, basi na yeye atakuja kumpokea mwenzie stesheni, na safari hii hana haraka ya kurudi jioni. Tiketi anaiomba ya asubuhi, ya kuja tu.

Nyumba ninayopanga ina vyumba viwili na sebule. Kochi linakaa watu watatu likiwa na nidhamu. Jogoo bado hajapangiwa.