Mkienda Elgon Wawili, Mjipikie

Wanandoa wengi ninaowafahamu hapa Kisumu wakipata wikendi ya kuwa wawili, wazo la kwanza ni hoteli. Chumba chenye kitanda kikubwa, kiamsha kinywa cha kujipakulia, bwawa la kuogelea, picha mbili tatu, basi, Jumapili wamerudi. Sina ubaya na hoteli. Lakini watu ambao mwaka mzima wamekuwa wakipishana mlangoni, huyu akitoka zamu yule akiingia, hoteli huwapa starehe bila kuwapa shughuli ya kufanya pamoja. Kila mtu huhudumiwa kivyake, na ikifika jioni kila mtu yuko na simu yake. Ushauri wangu kwao ni mwingine, na nautoa kwa moyo wote: tafuteni banda mlimani, lile la kujipikia. Washeni moto wenyewe, songeni ugali wenyewe. Na mlima tunao, hauko mbali.

Nauzungumzia Mlima Elgon. Kutoka Kisumu unashika barabara ya Kakamega, unapita Malava, Webuye na Kiminini mpaka Kitale, kama kilomita 160 hivi. Pale Kitale unageukia Endebess, na baada ya kilomita zisizozidi 30 uko Chorlim, lango la Mbuga ya Mlima Elgon. Anayetoka Nakuru atapitia Eldoret. Mbuga yenyewe upande wa Kenya ilitengwa mwaka 1968, na ndani yake Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina mabanda ya mawe yanayoitwa Kapkuro, yenye bafu na mahali pa kupikia. Nje ya mbuga, kuanzia Kitale hadi Endebess, yapo mashamba yanayokaribisha wageni.

Watu huniuliza kwa nini Elgon, si Naivasha ambako kila mtu anakwenda. Jibu ni hilo hilo: kila mtu anakwenda Naivasha. Elgon ni volkano kuukuu iliyozimika, ina umri mkubwa kuliko Kilimanjaro, kilele chake upande wa Uganda, Wagagai, kina mita 4,321 na Koitobos ya upande wetu ina mita 4,222, lakini wikendi ya kawaida unaweza kutembea msituni asubuhi nzima usikutane na mgeni mwingine. Mipodo imesimama minene, mbega wanaruka juu yake na ile mikia mirefu meupe, pongo anakutazama kisha anajiendea zake. Mko wawili kweli. Kwa wanandoa wenye watoto, majirani na jamaa wanaopiga hodi kila siku, utulivu wa namna hiyo haupatikani kwa bei yoyote mjini.

Sasa mipango. Jambo linalonikera ni hii desturi ya sapraizi. Mume anaficha siri wiki kadhaa, anakopa pesa kwenye simu, kisha Ijumaa jioni anamwambia mkewe, "Mama, funga mkoba, tunasafiri." Mapenzi yapo, sikatai. Lakini mama huyo ana mtoto mwenye kikohozi, ana chama Jumamosi, na viatu alivyofunga ni vya kanisani. Anafika mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari akiwa na sweta moja jepesi. Kwenye picha atatabasamu. Usiku atatetemeka, na ule mkopo wataulipa wote wawili huku wakinuniana. Sapraizi ni nzuri kwa maua na keki. Mlima unataka watu waliokubaliana.

Sisi nyumbani hukaa mezani watoto wakishalala, daftari katikati. Mume wangu huandika upande wa pesa: mafuta au nauli, kiingilio cha mbuga, banda, chakula, na akiba ya dharura isiyoguswa. Mimi huandika upande wa watu: nani atakaa na watoto, nani atalisha kuku, nani atamjulia hali mama mkwe, dawa ya presha ya mama iko wapi. Halafu tunabadilishana daftari. Hapo ndipo mambo hutoka. Yeye akisoma orodha yangu huona mizigo ninayozunguka nayo kichwani siku zote bila mtu kuiona. Mimi nikisoma yake huona salio la karo ambalo amekuwa akilibeba kimyakimya. Tumeshakesha tukizungumza karo badala ya safari, na sikujutia. Mazungumzo hayo, hata kabla mkoba haujafungwa, yametusaidia kuliko semina nyingi za ndoa tulizoketi kuzisikiliza. Ndiyo maana nasema mipango ni sehemu ya likizo yenyewe, na anayeifanya peke yake amemnyima mwenzake nusu yake.

Wako watakaosema haya ni mambo ya wenye pesa, sisi tuna karo na mbolea ya kununua. Nawaelewa sana. Karo ije kwanza. Lakini nimeona pia ndoa zilizolipa kila karo na kila mchango wa matanga, na siku mtoto wa mwisho alipoondoka nyumbani, wawili waliobaki hawakuwa na la kuzungumza. Safari ya kujipikia inaweza kuwekewa akiba kidogo kidogo, hata mwaka mzima, na chakula ni kile kile ambacho mngekula nyumbani. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, kwa hivyo bebeni vitambulisho. Malipo ya mbuga hupitia eCitizen, si pesa taslimu langoni. Lipeni mkiwa Kitale au hata nyumbani, ambako mtandao hausumbui, na muangalie bei siku hiyo hiyo kwa sababu hubadilika.

Msimu ni wa kuchagua kwa makini. Trans Nzoia mvua huanza Machi au Aprili na huendelea miezi mingi, ndiyo sababu mahindi yake ni yale tunayoyajua. Tope la njia za mlimani likiloa, gari dogo halifiki mbali. Mimi napenda Desemba baada ya mavuno hadi Februari: anga safi, njia kavu, na mkitazama nyuma mnaona mashamba yote ya Kitale chini yenu. Tarehe 14 Februari yenyewe iepukeni, ni siku ya bei kupanda kila mahali. Nendeni wiki inayofuata.

Baridi isidharauliwe, hasa na sisi watu wa ziwani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Hesabu hiyo inatosha kukuambia kwamba shuka la Kisumu halifai Elgon. Bebeni blanketi yenu hata kama banda lina zake, soksi nzito, kofia ya kulalia, na tochi yenye betri mpya. Mara ya kwanza nilipomtajia mume wangu habari ya mlima aliniuliza, "Mama, huko tutaoga vipi?" Tunaoga saa nane mchana, jua likiwa juu.

Na hapa niseme jambo moja kwa uzito wote. Usiku ukiwa mkali, msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga madirisha. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, usingizi mzito unamshika, na hawezi kujiokoa. Kila msimu wa baridi nchini tunasikia familia zilizokutwa zimekufa namna hiyo. Motoni pa banda, penye bomba la moshi, washeni mtakavyo. Jiko la makaa likae nje, hata likiwa limebaki na jivu jekundu tu. Kama hakuna mahali pa moto ndani, vaeni nguo mbili mbili na mlale mapema.

Kuhusu kupika, ningeweza kuandika mpaka kesho. Maharagwe na mahindi ya githeri chemsheni nyumbani, kwa sababu juu kule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye mita 2,000 ni kama nyuzi 93, na punje hukaa motoni muda mrefu bila kulainika. Kutoka Kisumu bebeni mbuta aliyekaangwa vizuri akakauka mafuta, mumle usiku huo huo mnaofika. Viazi, maziwa, kabichi na parachichi nunueni soko la Kitale, ni vya shambani na bei ni nzuri. Unga, chumvi na kiberiti visisahaulike. Kiberiti kifungwe ndani ya kopo lisiloingiza maji.

Kisha kuni. Za mkaratusi zikiwa bado mbichi hufoka povu kwenye ncha, huzomea, hutoa moshi wa kuliza macho, na moto haushiki. Ombeni za kukauka, na mwombe na vijiti vyembamba vya kuwashia. Mmoja apange vijiti, mwingine akinge upepo kwa mwili wake na kupuliza polepole pale chini, moto unapoanza kuwa wa samawati. Sijaona wanandoa waliofanya kazi hiyo wakabaki wamenuniana. Mnalazimika kuambiana: sogea, ngoja, sasa puliza. Sufuria ikishakaa motoni, hakuna anayekimbilia kwenda popote, na maneno ambayo nyumbani hukatizwa na habari za saa moja hupata nafasi ya kwisha. Mume wangu alinisimulia habari za marehemu baba yake mbele ya moto wa namna hiyo. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuzisikia.

Mtandao wa simu hupungua nguvu huko, na karibu na mpaka simu zinaweza kushika mtandao wa Uganda zikawala salio. Zimeni ile huduma ya kutumia mtandao wa nje kabla ya kupanda. Waambieni wanaobaki na watoto kwamba mtapiga simu asubuhi na jioni, waache kuhangaika katikati ya saa hizo.

Mchana mtatembea. Ombeni askari wa wanyamapori wa kuandamana nanyi, maana nyati na ndovu wapo. Wengi huja kuona mapango, na pango la Kitum ni ajabu ya kweli: ndovu huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachimba mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi. Alama za pembe zimejaa ukutani. Lakini mjue pia kwamba mwaka 1980 na tena 1987 watu waliougua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, na kufariki walikuwa wameingia pango hilo muda mfupi kabla ya kuugua, na virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda. Mimi na mume wangu husimama mdomoni mwa pango, penye mwanga na hewa, tukatazama na kurudi. Ndani zaidi, walipo popo, hatuendi, na hata askari akisema hakuna neno, mtu ana haki ya kukataa. Koitobos nayo iacheni kwa safari nyingine. Kilele cha zaidi ya mita 4,000 kinataka mwongoza njia, mazoezi na siku za kuzoea hewa nyepesi, na kikiingizwa kwenye wikendi ya wapenzi, mmoja atakuwa anahema nyuma na mwingine anamsubiri kwa hasira.

Msiende kwa usiku mmoja. Usiku wa kwanza ni wa uchovu wa barabara na kuzoea baridi, na mazungumzo huwa bado ni ya nyumbani: umefunga geti, umemwachia pesa ya maziwa? Asubuhi ya pili ndipo mtu anaamka akiwa amefika. Kama kazi haziruhusu siku tatu, ahirisheni mpaka ziruhusu. Watoto wapelekeni kwa nyanya yao au shangazi siku moja kabla, si asubuhi ya safari, kwa sababu kilio cha mtoto mlangoni humfuata mama mpaka Webuye.

Siku ya kurudi, ondokeni Kitale kabla ya saa saba mchana. Giza likiingia kati ya Webuye na Kakamega mtakutana na trekta za miwa zenye trela mbili, nyingine hazina hata taa ya nyuma, na dereva aliyechoka huziona akiwa amezikaribia mno. Mume wangu kila mara hutaka tuongeze saa mbili za mwisho kule juu. Huwa nakataa, na katika hili sitabadilisha msimamo.