Viazi vya Jumatano

Jumatano jioni, katika fleti moja jijini Brussels, mwanamke anafunua sufuria na kukuta viazi vimeiva hadi vimekuwa rojo. Anainyanyua, anatoka nayo, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo jikoni, kama mtu aliyebebeshwa kitu asichojua pa kukitua. Hakuna muziki wa kututisha, wala kamera haimsogelei usoni. Ni viazi tu. Lakini wengi waliovumilia kufika hapo watakwambia moyo uliwapiga paa.

Filamu yenyewe ni Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Jina lake ni anwani ya nyumba, na urefu wake ni dakika 201. Mbelgiji Chantal Akerman aliiongoza akiwa na miaka 24, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1975. Kwa siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, tunamtazama mjane, Jeanne, akitandika vitanda, akipiga viatu rangi, akiosha vyombo, akimlisha mwanawe wa shule, na kila alasiri akimpokea mwanamume mmoja anayelipa. Ilikaa miaka mingi mikononi mwa wanafunzi wa sinema na watetezi wa haki za wanawake. Kisha Desemba 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10 ni filamu zipi bora za wakati wote, likaitangaza ya kwanza. Watu ambao hawakuwahi kuisikia wakaitafuta, wakakaa mkao wa kula, wakaona mama anamenya viazi, wakahisi wametapeliwa.

Wana hoja, na si haki kuzipuuza kwa kuwaambia tu kwamba hawajui sinema. Mmoja wa waliolalamika ni Paul Schrader, mwongozaji wa Kimarekani ambaye mwaka 1972 aliandika kitabu kizima kuwatetea waongozaji wa filamu za taratibu. Huyo hawezi kuambiwa hana subira. Hakusema filamu ni mbovu. Alisema kuruka kwake ghafla hadi kileleni kunalivunjia heshima lile zoezi lenyewe la kura, na akaona ndani yake mkono wa siasa za wakati huu.

Hesabu inampa sehemu ya haki. Mwaka 2012 waliopiga kura walikuwa 846. Mwaka 2022 wakafika 1,639. Kila mmoja anataja filamu 10 bila kuzipanga, na kila filamu inapata kura moja. Kwa hiyo "ya kwanza" haina maana kwamba wengi waliona hii ndiyo bora. Ina maana kwamba ilijitokeza kwenye orodha nyingi kuliko nyingine. Vertigo iliyoongoza 2012 ilipata kura 191, yaani chini ya robo ya wapiga kura. Zaidi ya robo tatu hawakuitaja hata kwenye kumi zao, lakini miaka 10 mizima tuliisoma kila mahali kuwa ndiyo filamu bora duniani na sikumbuki mtu kurusha kiti. Ukiongeza watu karibu maradufu chumbani, wengine vijana zaidi, wengine wa nchi ambazo zamani hazikuulizwa, matokeo lazima yabadilike. Jeanne Dielman mwaka 2012 haikuwa hata ndani ya 30 za juu.

Ila hoja ya kuruka ghafla ndiyo inayonikwama kooni. Mwaka 1952 filamu ya Citizen Kane haikuwamo kwenye kumi bora. Mwaka 1962 ikawa ya kwanza, ikakaa hapo hadi 2012. Nayo iliruka. Ile tunaiita historia, hii tunaiita siasa. Tena katika kura ya pembeni ya waongozaji wenyewe, mwaka huohuo wa 2022, filamu ya Akerman ilishika nafasi ya nne. Hao ni watu wa kazi, wanaojua gharama ya kuiacha kamera iwake bila kukata. Lakini tuache namba, maana ugomvi wa kura umewapa watu kisingizio cha kutoitazama filamu yenyewe.

Turudi jikoni. Kila alasiri Jeanne huinjika viazi, kisha kengele ya mlango inalia. Mgeni anaingia, koti na kofia vinapokelewa, wanaingia chumbani, mlango unafungwa, sisi tunaachwa ukumbini. Picha inayofuata ni ileile, ila kiza kimeingia. Mgeni anatoa pesa, anaagana, anaondoka. Jeanne anaziweka kwenye bakuli la supu juu ya meza ya kulia, anafunika. Anakwenda jikoni: viazi tayari. Muda wa kuiva viazi na muda wa mgeni ni mmoja, na nyumba nzima inakwenda kwa saa hiyo.

Siku ya pili mambo yanakwenda hivyohivyo, ila viazi vimepita. Maana yake kuna kitu kimecheleweshwa nyuma ya ule mlango. Hatuambiwi ni nini. Sufuria ndiyo inayotuambia. Bakuli la pesa limeachwa wazi, nywele zake zimetimka na hajui. Mwanamke ambaye tangu jana hakutoka chumba hata kimoja bila kuzima taa, sasa anasahau taa. Mtu aliyezoea filamu za kuelezwa atasema hakuna kinachotokea, wakati vitu vinaporomoka mbele ya macho yake.

Hapa ndipo naona filamu hii haijaeleweka. Tunaiita ya polepole, ilhali Jeanne si mtu wa polepole. Mtazame mikono. Anakunja, anafuta, anapangusa, anafunga vifungo, haendi mkono mtupu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ni mwepesi kuliko wengi wetu. Tunaoburuta muda ni sisi tulioketi, kwa sababu tumezoeshwa kwamba mama akiingia jikoni picha inakatwa, na ikirudi chakula kiko mezani. Akerman alikataa kukata. Donge la nyama ya kusaga linakandwa hadi limekandika. Kamera, iliyoshikwa na Babette Mangolte, imetulia kwa mbele, chini kidogo, kimo cha Akerman mwenyewe, bila kuchungulia pembeni wala kufuata nyayo. Ungeifupisha iwe ya dakika 90, viazi vya Jumatano vingekuwa tukio dogo la kuchekesha. Tumelipia hofu ile kwa muda wetu wa Jumanne, tulipojifunza nyumba ile ilivyo ikiwa sawa.

Kuna wanaosema filamu inamdharau mama wa nyumbani, kwamba inamfanya mashine hadi aharibikiwe. Ningekubali kama si jinsi anavyotazamwa. Akerman alieleza mara nyingi kwamba mikono ile aliijua kwa mama yake na shangazi zake, na kwamba filamu aliitengeneza kwa kumpenda mama yake, Natalia, aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Ukilijua hilo, utaratibu ule wa taa na mifuniko unaanza kuonekana kama ukuta. Alhamisi Jeanne anaamka mapema kuliko kawaida, kazi zinakwisha kabla ya saa yake, anabaki na muda usio na jina. Kahawa haina ladha. Anaimwaga, anapika nyingine. Kisha anakaa kwenye kiti, mikono haina cha kushika. Sijaona picha ya kutisha zaidi ya ile, na hapo hajagusa mkasi bado.

Mkasi, ndiyo. Filamu ina nusu karne, sidhani nitamharibia mtu. Aliuchukua kufungulia kifurushi kutoka kwa dada yake wa Canada, ukabaki chumbani, na mgeni wa Alhamisi akafa nao. Wapo wanaosema hapo ndipo Akerman alipokosa ujasiri: baada ya saa tatu za kutuaminisha kwamba sahani zinatosha, akaazima kifo ili filamu ipate mwisho. Nimeitazama mara tatu na bado sina jibu la kuniridhisha. Natetea tu kwamba kifo hakikupewa kamera bora kuliko vyombo. Kimepita haraka, kisha Jeanne amekaa gizani mezani kwa dakika kama saba, mwanga wa tangazo la barabarani ukiwakawaka ukutani.

Hoja inayoniuma zaidi ni nyingine, na wahakiki hawaipendi. Nani ana saa tatu na dakika 21? Mhadhiri anazo. Mimi ninazo, Jumapili. Mwenye maisha ya Jeanne hana. Hata aliyemwigiza, Delphine Seyrig, alikuwa nyota mwenye haiba ya juu. Akerman alimchagua kwa makusudi, kwa sababu mwanamke tuliyezoea kumwona akiosha vyombo hatumwoni tena. Fikra ya mtu mwenye akili, lakini ina uchungu wake: ili tuione kazi ya nyumbani ilibidi ifanywe na asiyekuwa wa nyumbani.

Nilipata kuitazama mara moja shangazi akiwa sebuleni, anachambua mchele. Mazungumzo machache yaliyomo nilimfasiria. Rafiki yangu aliyekuwepo aliuliza mara mbili filamu inaanza lini. Shangazi hakuuliza. Nusu saa nzima hakusema neno, ila Jeanne alipoanza kuziba na kufungua vitu bila mpangilio, aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Ana jambo huyo." Sufuria ilikuwa haijafunuliwa bado.

Lakini hakuimaliza. Kabla ya Alhamisi kufika aliinuka kwenda kukanda unga wa maandazi ya asubuhi, na sikuwa na uso wa kumwambia akae, nimtazamishe mwanamke akikanda nyama. Kesho yake alasiri akaniuliza yule mama aliishia wapi. Nikamweleza: kifurushi, mkasi, yule mwanamume, kukaa mezani gizani. Alinyamaza kidogo.

"Na yule mtoto wake wa shule," akasema, "alishakula?"

Nikamwambia alikuwa hajarudi bado.