Mnaniuliza Ulaya inakuja na nini kwenye biashara, wakati kwenye malipo wao ndo wanawafuata nyie

Wadau salaam, mimi niko Ujerumani, nafanya kazi ofisi ya kampuni ya jumla upande wa ankara na malipo, na watu wa nyumbani hawaachi kuniuliza teknolojia gani inakuja kwenye biashara miaka mitatu minne ijayo ili wajiandae. Kwenye malipo hamna cha kujiandaa, huku ndo kwanza wanaanza.

Bongo mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kielektroniki, tunazo toka 2010, muuza vipodozi wa Kariakoo anajua kabisa risiti yake TRA, mamlaka ya kodi, wanaiona. Huku sheria ya ankara za kielektroniki kati ya kampuni na kampuni imeanza Januari 2025, tena ilianza na kupokea tu, kutuma wamepewa muda, wenye mauzo ya zaidi ya euro 800,000 kwa mwaka wana hadi mwisho wa 2026 na wadogo hadi mwisho wa 2027. Watu wazima ofisini walikuwa wanabishana kama PDF ya kawaida nayo inahesabika (haihesabiki, linatakiwa faili ambalo kompyuta inalisoma yenyewe). Hela ndo usiseme, mpaka juzijuzi ukituma kwa benki Ijumaa jioni mwenzio anaiona Jumatatu, ikabidi Umoja wa Ulaya uzibane benki za nchi za euro kwa sheria, kuanzia Oktoba 2025 zote ziweze kutuma ndani ya sekunde 10 hata iwe usiku wa Jumapili. M-Pesa Tanzania ipo toka 2008 jamani.

Ila msishangilie sana, maana sisi tunapigwa bao baada ya risiti kutoka. Huku ankara ikiingia inaenda kwenye programu ya uhasibu, inalinganishwa na oda na mzigo uliopo stoo, mhasibu wa nje anaifungua kwenye DATEV (programu ya wahasibu wa huku), na benki ikitaka hesabu za miaka ya nyuma kabla ya kutoa mkopo unazitoa siku hiyohiyo. Kwetu EFD ililetwa kwa ajili ya kodi basi, mwenye duka anaiona kama askari aliyewekwa kaunta kumchunga, taarifa zinaenda serikalini alafu yeye mwenyewe anabaki na daftari na meseji za Lipa Namba (malipo ya wateja kwa simu) ambazo hazijui kama kauza mchele au sabuni. Kariakoo walivyogoma 2023 na tena 2024 malalamiko juu ya TRA ndo yalikuwa mbele, na mi siwalaumu, mfumo unaokudai bila kukusaidia chochote nani ataupenda?

Kwahiyo navyoona mimi, kitakachotikisa sio roboti wala nini, ni programu ya simu itakayoweka risiti ya TRA, Lipa Namba na stoo sehemu moja. Mikopo ya simu sahivi inaangalia miamala yako, itakuja kuangalia bidhaa gani inatoka na kwa kasi gani. Kenya wameshasogea kidogo, toka Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya kule, kwa ujumla haikubaliki kwenye hesabu za kodi, matokeo yake mteja mkubwa mwenyewe ndo anamsukuma msambazaji mdogo aingie kwenye mfumo.

Na AI? Huku itaingia haraka ofisini kwasababu wazee wanastaafu na wa kukaa kwenye viti vyao hawaonekani, kazi ya kulinganisha ankara na oda naipa miaka michache tu. Nyumbani kijana wa kuingiza data analipwa kidogo mno, bosi hana haraka ya kumtoa, AI itapitia WhatsApp kujibu wateja, na kwa sauti, mtu anauliza kwa Kiswahili magunia mangapi yamebaki anajibiwa.

Kinachoweza kuharibu tunakijua. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ya 2021 ilirudisha watu wengi kwenye keshi, ikija nyingine ya aina ile hizo programu zote zitakuwa mapambo. Alafu intaneti, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikaumia vibaya. Nyie vijana mnaotengeneza hivi vitu, fanyeni programu iuze na itunze hesabu hata mtandao ukiwa umekata, ukirudi ndo itume.