Punguza Kodi ya Ofisi, Usimwondoe Karani

Wakili kijana wa Dar es Salaam anayetaka kujitegemea leo hupewa ushauri wa aina mbili, na wanaoutoa hawapatani. Wakongwe humwambia atafute chumba karibu na mahakama, aweke meza, kabati la majalada, karani na kibao mlangoni. Rika lake humwambia anunue kompyuta mpakato na bando la uhakika, afanyie kazi nyumbani, na fedha ya pango iwe akiba. Kila upande una hoja nzito. Lakini naona pande zote mbili zinabishania chumba, wakati kinachoamua kama ofisi ndogo itasimama ni mtu anayebaki kazini wakili akiwa mbele ya hakimu.

Tuanze na wanaotetea teknolojia, kwa sababu miaka michache iliyopita imewapa nguvu. Kanuni za kusajili mashauri kwa njia ya kielektroniki zilitoka Tanzania mwaka 2018, na mwezi Novemba 2023 Mahakama ikazindua mfumo wake mpya wa kuratibu mashauri, e-CMS. Kazi iliyokuwa ikimla karani asubuhi nzima, yaani kubeba nakala hadi masijala, kupanga foleni, kwenda benki kulipa na kurudi na stakabadhi, sasa hufanyika mezani: waraka unapakiwa, namba ya kumbukumbu ya malipo inatoka, ada inalipwa kwa simu. Kenya walianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na tarehe 11 Machi 2024 wakatangaza kwamba mahakama zote nchini zimeingia kwenye mfumo. Hukumu nazo hazihitaji tena rafu ya vitabu vya bei mbaya. Tovuti za TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya zinazitoa bure, na wakili wa Songea anazisoma sawasawa na mwenye ghorofa nzima Posta, katikati ya Dar.

Kuna hoja ya pango ambayo wakongwe huipita haraka mno. Wenye nyumba wengi wa mijini hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mtaji unaisha kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wakili aliyebanwa hivyo huanza kupokea kila kinachokuja: shauri la kodi ya serikali wakati hajawahi kuligusa, mgogoro wa ardhi ambao angepaswa kumshauri mteja asuluhishe, rufaa isiyo na miguu. Anayeumia ni mteja, na chanzo ni deni la chumba. Kwa hiyo gharama ndogo za uendeshaji ni suala la maadili pia. Wakili asiyedaiwa na mwenye nyumba anaweza kumwambia mteja ukweli kwamba kesi yake haifai kufunguliwa.

Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya kipato cha ofisi ndogo haimo kwenye mashauri makubwa. Imo kwenye viapo, mikataba ya mauziano ya viwanja, na nakala za vyeti zinazohitaji muhuri. Kazi hizo zinamtaka mtu afike mwenyewe. Anayeapa huapa mbele ya kamishna wa viapo, na Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka hati ioneshe mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Anayegonga muhuri kwenye hati aliyotumiwa kwa WhatsApp na mtu asiyemwona anahatarisha shauri la mteja pamoja na leseni yake. Mawakili wa upande wa pili husoma aya ya mwisho ya kiapo, yenye mahali na tarehe hiyo, kwa makini kuliko aya zote za juu yake.

Halafu kuna mirathi na ndoa. Haya ni mambo mengi kiasi kwamba Mahakama iliyatengea Temeke Kituo Jumuishi chake, yaani jengo moja lenye mahakama za ngazi mbalimbali. Mjane haji peke yake. Huja na kaka wa marehemu, binti mkubwa, na mara nyingine mtoto wa mke wa pili ambaye hajui kama ametajwa kwenye wosia. Watu hao huwezi kuwakalisha sebuleni kwako Sinza huku watoto wakiangalia katuni, wala kwenye mgahawa ambako meza ya jirani inasikia kila neno. Siri ya mteja inahitaji mlango unaofungwa. Isitoshe, watu wameumizwa na vishoka wanaojiita mawakili, na aliyewahi kutapeliwa hutafuta kibao na anwani kabla ya kutoa fedha. Mfumo wa e-Wakili unamwezesha mtu yeyote kuhakiki kama jina fulani limo kwenye orodha ya mawakili, na ungesaidia sana kama wateja wa kawaida wangeufahamu.

Mlango unaofungwa, hata hivyo, si lazima uwe wako siku zote za mwezi. Mawakili watatu wanaweza kuchangia chumba kimoja cha mikutano, kila mmoja akiwa na zamu zake, na kila mmoja akabaki na ofisi yake kisheria. Hapo mahesabu yanakaa vizuri. Kinachotakiwa ni tahadhari juu ya mgongano wa maslahi: mmoja akimtetea mwenye nyumba na mwingine mpangaji wake, wateja hao watakutana kwenye benchi moja, na majalada yao yatatoka kwenye printa moja. Wanaochangia chumba wanapaswa kuulizana majina ya pande zote kabla ya kupokea shauri, si baada ya mdaiwa kupokea wito.

Sasa karani. Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi, kwa sababu wakishaachana na chumba humwacha na yeye, wakiamini kalenda ya simu itafanya kazi yake. Angalia kinachoweza kupotea. Anayetaka kukata rufaa Mahakama ya Rufani ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio, kisha siku 60 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Kalenda itakukumbusha, ni kweli. Lakini siku ya mwisho uko mahakama ya Kisutu unahoji shahidi, simu imezimwa kwa heshima ya mahakama, na nakala ya hukumu iliyothibitishwa bado iko masijala. Kanuni za 2018 zinahesabu waraka uliowasilishwa kabla ya saa sita usiku kuwa umewasilishwa siku hiyo, na fursa hiyo imewazoesha wengi kungoja usiku. Usiku huo mtandao unasuasua, malipo hayapiti, na mabishano ya kama waraka umesajiliwa siku ulipopakiwa au siku ada ilipolipwa yameshafika mahakamani zaidi ya mara moja. Karani mzuri angekusumbua wiki moja kabla. Angeona pia kwamba kiambatisho cha tatu hakipo, na kwamba jina la mdaiwa kwenye hati ya madai halifanani na lililo kwenye mkataba.

Vivyo hivyo kwa fedha. Lipa namba, yaani kupokea malipo kwa simu, ni rahisi, na urahisi wake una mtego: ada ya wakili, ada ya mahakama na fedha za mauziano ya kiwanja zinazopaswa kumfikia mteja zote zinaingia kapu moja. Fedha ya mteja inapaswa kukaa akaunti ya wateja, mbali na ya wakili. Wakili anayefanya kazi peke yake, akipokea malipo kwa simu ileile anayonunulia umeme wa nyumbani, anaweza kuitumia bila nia mbaya yoyote na bado akafikishwa mbele ya kamati ya maadili. Mtu wa pili anayeandika kila senti na kutoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) siku hiyohiyo ni kinga kuliko programu yoyote ya uhasibu.

Taarifa za wateja nazo zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na inagusa hata ofisi ya mtu mmoja inayohifadhi vitambulisho na vyeti vya ndoa kwenye seva zilizoko nje ya nchi. Nakala mbili zilizofungwa kwa nywila, moja nje ya ofisi, ni kiwango cha chini kabisa. Kwa akili mnemba ninasema jambo moja tu. Mwaka 2023 mawakili wawili na ofisi yao huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. TanzLII ni bure. Hakuna udhuru wa kutofungua hukumu na kuisoma.

Kwa wilayani mizani inageuka. Chumba Ifakara au Kibondo hakigharimu kama Dar, mteja mara nyingi ana simu ya kitochi, na intaneti ikikatika hakuna duka la jirani la kukimbilia. Huko ningeshauri chumba kibaki, na faida kubwa ya teknolojia iwe kufungua shauri na kulifuatilia bila kupanda basi. Kule mjini, Mahakama ingefanya jema kubwa kama Vituo Jumuishi vyake vingekuwa na vyumba viwili vitatu vya faragha ambavyo wakili yeyote mwenye leseni hai anaweza kukodi kwa saa. Fedha atakayookoa kwenye pango ingetosha kuanzia mshahara wa karani.